Muhtasari wa Mkutano Ambao Haujafanyika

Habari hii naisimulia mwenyewe kwa sababu najua mmeshaisikia kwa watu, na watu wanaisimulia vibaya (kuna mwalimu mmoja pale Usa River anaapa kwamba nilizimia, na mimi sijazimia hata siku moja tangu nizaliwe). Aibu niliipata, sikatai, tena aibu ya mchana kweupe, mbele ya Baraza zima la Chuo, nikiwa nimevaa suti na shada la mawaridi shingoni. Lakini tukubaliane tangu mwanzo kwamba niliipata kwa uchapakazi uliopitiliza, siyo kwa uzembe, na anayetaka kucheka acheke huku akilijua hilo.

Miaka yenyewe ni ile ya ruksa. Vyama vingi vilikuwa ndiyo vimeingia, kila mtu mdomoni ana neno demokrasia, mitumba imejaa soko la Kilombero mpaka mke wa mchungaji na mke wa dereva wanakutana kanisani na gauni moja, na umeme ni wa mgao. Mimi nilikuwa Kaimu Msajili wa chuo chetu, kile kilichoko juu ya barabara ya Moshi, pale migomba na kahawa za Wameru zinapoanza kubanana. Kwa asiyejua ukaimu ni nini, ni kufanya kazi yote ya mwenye cheo bila cheo, umekalia kiti ambacho siku yoyote mtu anaweza kukuambia samahani mama, mwenyewe amefika. Nilikuwa nimekaimu miaka mitatu. Mama yangu kule Machame alishachoka kuniuliza lini nitathibitishwa, akawa anawauliza watu wengine.

Sasa, chuo chetu kila mwaka kilikuwa na mkutano mmoja mkubwa, Baraza linakaa kuupitia mwaka mzima: uongozi umekwendaje, wanafunzi wamekwendaje, na mafanikio ni yapi. Mkuu wa Chuo, Mwalimu Urio, anasoma taarifa, wajumbe wanachangia, tunakula, tunaagana. Mimi ndiye katibu wa kikao na ndiye niliyekuwa naandika muhtasari. Mwaka uliotangulia, Mwenyekiti wetu, Mzee Pallangyo (mkulima wa kahawa na mwalimu mkuu mstaafu, mtu anayesahihisha kwa kalamu nyekundu hata kadi za harusi anazoletewa), alisema mbele ya watu kwamba muhtasari wangu umemfikia baada ya miezi minne, na katibu ambaye muhtasari wake unachukua miezi minne asishangae uthibitisho wake ukichukua miaka minne. Wajumbe wakacheka. Na mimi nikacheka nao, ila nilipofika nyumbani sikucheka tena.

Kosa halikuwa langu, lilikuwa la mashine. Wafadhili walituletea mashine ya kurudufu ya umeme, nzuri, inang'aa, na ile ya zamani ya kuzungusha kwa mkono tukaigawa kwa shule moja ya msingi Oldonyo Sambu, kwa hotuba na picha. Wiki mbili baadaye mgao ukaanza. Upande wetu tulikuwa tunapata umeme Jumanne na Alhamisi tu, na kila Jumanne ikifika, ama stensili zimekwisha, ama wino umeganda, ama umeme wenyewe umekuja umechoka. Huku Oldonyo Sambu wanazungusha mkono tu na mitihani yao inatoka.

Basi mwaka huo Mwenyekiti akaweka agenda ya saba kwa mwandiko wake mwenyewe: Uthibitisho wa Msajili. Nikajua hapa ndipo. Mkutano ulikuwa Ijumaa, siku isiyo na umeme. Jumatatu nikakaa ofisini nikatoa mihtasari ya miaka yote mitatu ili nijiandae, nikaisoma, na hapo ndipo nilipogundua jambo ambalo lingemtosha mtu mwenye akili kucheka na kulirudisha faili kabatini. Ukifunika tarehe kwa kidole, huwezi kujua unasoma mwaka gani.

Mwenyekiti anafungua kwa kuwashukuru wajumbe kwa kuacha mashamba yao ingawa mvua zimechelewa. Mjumbe kutoka Nduruma, Mzee Lemburis, anauliza kuhusu maji ya mfereji, anajibiwa kwamba suala linashughulikiwa, anaridhika. Rais wa serikali ya wanafunzi anaushukuru uongozi kwa malezi na chakula. Mama Nkya, mjumbe anayewakilisha akina mama wa kanisani, anawashukuru wapishi kwa chakula kizuri (ambacho hajakila bado) na anafunga kwa sala. Mwaka nenda mwaka rudi, maneno yaleyale, mpangilio uleule.

Nikajiuliza, kama najua watakachosema, nasubiri nini? Huo ndio uamuzi wangu mdogo, na niwaambie ukweli, siku ile niliuona ni uamuzi wa mtu aliyezaliwa kuwa Msajili. Jumanne nikachapa stensili za muhtasari wa mkutano wa Ijumaa, kurasa tatu safi, mahudhurio nikayaachia nafasi nijaze kwa kalamu. Alhamisi nikarudufu. Mpango wangu ulikuwa kwamba wajumbe wakiwa wamekaa mezani wanakula, mimi napita na kumpa kila mmoja muhtasari wa mkutano aliotoka sasa hivi, Mzee Pallangyo anashusha kijiko, ananitazama, na miezi minne inafutika.

Na kwa kuwa muhtasari lazima uwe kamili, ilinibidi niandike na agenda ya saba. Niliandika kwamba Baraza kwa kauli moja lilimthibitisha Mwalimu Aikande (ndiyo mimi) kuwa Msajili, wajumbe walipiga makofi, na Mwalimu Aikande alishukuru. Nikaisoma nikaona imepungua kitu. Nikapaka wino wa kusahihishia stensili, nikapuliza ukauke, nikaongeza "kwa unyenyekevu". (Wino ule ulikuwa adimu kuliko dawa ya malaria, na mimi nikaumalizia kwenye unyenyekevu.)

Ningeishia hapo. Lakini nilikuwa na raha, na mtu mwenye raha haishii hapo. Alhamisi hiyohiyo nikaenda jikoni kwa Mama Anna, mpishi mkuu, rafiki yangu sana, nikamnong'oneza kwamba kesho kwenye mkutano kutakuwa na makofi mara moja tu, kwa sababu kwenye mikutano yetu hakuna kitu kingine kinachopigiwa makofi, na akiyasikia basi ajue mimi si kaimu tena. Mama Anna akasema niache, nisimfundishe kazi. Mdogo wake alikuwa anafanya kazi kwenye mashamba ya maua Usa River, na kila siku walikuwa wanatupa mawaridi yaliyokataliwa kwenda Ulaya kwa sababu vikonyo ni vifupi. Asubuhi ya Ijumaa shada lilikuwa limeshasukwa, limelowekwa kwenye beseni nyuma ya jiko.

Ijumaa ikafika. Huku kwetu juu yalikuwa yanadondoka manyunyu ya mlimani, nimevaa suti yangu ya kijani kutoka Kilombero, nipo langoni nawapokea wajumbe, shikamoo huku, shikamoo kule, mwenyewe najiona nimeenea. Makaratasi yote niliyaweka ndani ya boksi moja: juu taarifa ya mwaka, chini muhtasari. Nikamwambia Mzee Samweli, mhudumu wetu wa ofisi, mtu mzima na makini aliyeanza kazi pale kabla yetu sote, atoe makaratasi boksini ampangie kila mjumbe mezani. Sikusema ya juu tu. Mzee Samweli kwa umakini wake akatoa ya juu na ya chini, akabana pamoja kwa pini, seti moja moja, pembe kwa pembe. Sijawahi kuona makaratasi yaliyobanwa vizuri namna ile.

Saa nne na dakika kumi Mwenyekiti akasimama, akasema anawashukuru wajumbe kwa kuacha mashamba yao ingawa mvua zimechelewa (manyunyu yalikuwa yanagonga bati, lakini shukrani za Mzee Pallangyo hazikuwa zinategemea hali ya hewa). Nikamwona Mama Nkya amefungua makaratasi yake sehemu za nyuma, anafuatisha kwa kidole kama anafuata liturgia, na Mwenyekiti alipofika kwenye mvua, kidole chake nacho kikasimama. Akamtazama Mwenyekiti, akatazama karatasi, akamgusa jirani yake kiwiko. Mimi nikafurahi. Nikasema moyoni, mwaka huu wanasoma taarifa kwa bidii.

Mwalimu Urio akaanza kusoma taarifa. Alisoma utawala, kwamba idara zote zimekaa vikao vyake kama inavyotakiwa, na watu wawili wakacheka. Akasoma wanafunzi, nidhamu na ufaulu, wakacheka wengine. Akajikagua vifungo vya koti, vyote vilikuwa vimefungwa, akaendelea. Akafika kwenye mafanikio, na fahari yetu kubwa ilikuwa mradi wa maharage machanga, yale yanayokwenda Ulaya kwa ndege, ambayo chuo kilikuwa kimeanza kuyalima shambani kwetu miaka mitatu nyuma ili nasi tuonekane tunakwenda na wakati. Akasema maharage yanastawi kiangazi na masika. Hapo hakucheka mtu, ila nilisikia karatasi zikifunuliwa, wote kwa pamoja, na kila mmoja alionekana anatafuta jina lake.

Mwenyekiti hakuwa amefunua kitu, yeye hutazama watu. Akasema sasa ni michango, na kama kawaida akamgeukia Mzee Lemburis. Mzee huyu ni Mwarusha, mfugaji na mkulima, mrefu, shuka begani na koti juu yake, na kila mwaka huomba nafasi kwa kuinua fimbo yake kidogo kutoka sakafuni. Siku hiyo fimbo haikuinuka. Alikuwa amevaa miwani.

"Mwenyekiti," akasema, "niulize, au nimeshauliza?"

Mwenyekiti akamwambia hajamwelewa. Mzee Lemburis akanyanyua karatasi akaionyesha. "Hapa nimeuliza habari ya mfereji. Nimejibiwa. Nimeridhika." Akavua miwani taratibu akaikunja. "Sasa mimi nataka kumjua aliyeniona nikiridhika."

Ndipo nilipoangalia seti iliyokuwa mbele yangu, nikafunua nyuma, nikauona muhtasari wangu umekaa pale na pini yake. Nilimwangalia Mzee Samweli aliyekuwa amesimama mlangoni, na yeye akanitikisia kichwa kwa adabu, kama mtu anayesema usijali, nimewapa wote.

Mwenyekiti akavuta seti yake, akatoa kalamu nyekundu mfukoni, na akafanya jambo ambalo sikumtegemea mtu mzima wa kanisa kulifanya. Akausoma muhtasari wote kwa sauti. Akasoma jinsi alivyofungua mkutano, akasahihisha koma. Akasoma Mama Nkya alivyofunga kwa sala. Akaja agenda ya saba, akaisoma polepole, kauli moja, makofi, na alipofika kwenye unyenyekevu akasimama akanitazama juu ya miwani.

"Mwalimu Aikande, makofi haya yalipigwa saa ngapi?"

Mimi ni mtu wa kujiamini, na kujiamini kwangu hakujui pa kukaa kimya. Nikasimama nikasema, "Mwenyekiti, hiyo ni rasimu."

"Rasimu ya nini?"

"Ya matarajio, Mwenyekiti."

Walicheka mpaka Mama Nkya akatoa leso akafuta macho, na Mwalimu Urio, ambaye aliliona jina lake kwenye karatasi na kuona kwamba hata yeye ameshatoa majibu, akakaa bila kuambiwa. Nilibaki nimesimama peke yangu na suti yangu ya kijani. Nikasema nimekwisha, lakini angalau wamecheka, kichekesho hupita, wiki ijayo watakuwa wamesahau.

Mwenyekiti akagonga meza. Akasema mkutano unaendelea, ila kwa kuwa yaliyozoeleka yameshaandikwa, kila mjumbe sasa aseme ambalo halijaandikwa. Akaanza na rais wa wanafunzi, binti mmoja mpole anaitwa Neema, mwaka wa pili, aliyekuwa amekaa pembeni mikono magotini.

"Mwenyekiti, mimi nilikuja kushukuru," Neema akasema. "Lakini naona hapa nimeshashukuru. Basi naomba nitumie nafasi yangu kusema kwamba maharage tunayopikiwa yana wadudu, na yale yasiyo na wadudu yanapanda ndege."

Sijui binti yule alikuwa amelibeba neno hilo siku ngapi. Mwalimu Urio akataka kujibu, Mwenyekiti akamwambia asubiri, akampa tena nafasi Mzee Lemburis, na safari hii fimbo ikainuka.

Mzee Lemburis hakuuliza kuhusu mfereji kwa jumla kama miaka yote. Alimuuliza Mkuu wa Chuo swali moja tu: ule ubao uliozuia maji pale kwenye shamba la chuo, unanyanyuliwa siku gani? (Maana mfereji ule unatoka mtoni, unapita kwanza shambani kwetu, ndipo ushuke mpaka Nduruma, na tangu zamani kila shamba lina zamu yake, ikipita unanyanyua ubao maji yaende kwa wenzako.) Mwalimu Urio akasimama akasema, "Suala hilo linashu...", halafu akaona wajumbe wote wameinamia karatasi wanamfuatisha, akanyamaza katikati ya neno. Akakohoa. Akasema ukweli ni kwamba tangu mradi wa maharage machanga uanze, ubao haujanyanyuliwa, labda wakati wa masika.

Basi Mzee Lemburis akanigeukia mimi. Hakumgeukia Mkuu, alinigeukia mimi.

"Yeyo," akaniita (kwa Kimaasai ni mama, na Mzee Lemburis akikuita hivyo kwa upole ujue umepatikana), "mimi nakuja hapa kila mwaka, nauliza, nanyamaza. Nanyamaza kwa sababu nimechoka. Wewe unaandika nimeridhika. Karatasi yako inakuja mpaka Nduruma, inasomwa kwenye kamati ya mfereji. Watu wananiuliza, Mzee, kwani sisi tunakutumaga ukaridhike? Wakasema nimelishwa wali na chuo. Mwaka jana wameniondoa kwenye kamati. Baba yangu alikuwa kwenye kamati hiyo, na baba yake. Mimi nimeondolewa kwa karatasi yako."

Wenzangu, ile ya unyenyekevu ilikuwa fedheha tu, fedheha inacheka na wewe. Hii iliniuma. Miaka mitatu nimeandika neno lile bila hata kumwangalia yule mzee usoni, naliandika kwa sababu mwaka uliotangulia liliandikwa na linakaa vizuri mwishoni mwa sentensi, na kule chini mtu anapoteza heshima yake kati ya watu wake. Nilitaka kusema samahani. Machozi ndiyo yalitoka, na wala sikuyaandika popote.

Mama Nkya ndiye aliyesimama, mama ambaye kwa miaka yote kazi yake ilikuwa kushukuru wapishi. Akasema anatoa hoja ubao unyanyuliwe siku tatu kila wiki kwa zamu kama zamani, na uwekwe kufuli, na wanafunzi wapikiwe maharage yasiyo na wadudu, na kama mafanikio yetu yanakausha mahindi ya wenzetu basi taarifa ya mwakani iyaite jina lingine. Mikono ikaunga, mmoja baada ya mwingine, mpaka wa Mwalimu Urio, kwa kuchelewa lakini uliunga. Na wajumbe, kwa mara ya kwanza tangu nianze kuandika mihtasari ya Baraza lile, wakapiga makofi ambayo hayakuwa kwenye karatasi.

Mmeshasahau kuhusu jikoni. Na mimi nilikuwa nimesahau.

Vigelegele vilianzia uani, vikapanda ngazi, mlango ukafunguka, na Mama Anna akaingia akicheza mbele ya wapishi wenzake wanne, kitenge kipya, shada la mawaridi juu kichwani linachuruzika maji, wanaimba kwa Kimeru wimbo wa kumpokea bibi harusi. Hawakumwona mtu mwingine, walinijia moja kwa moja. Waliponiona nimesimama mbele ya Baraza na machozi mashavuni, wakasadiki kabisa kwamba ni machozi ya furaha, wakazidisha. Shada likanishuka shingoni, zito, baridi, maji yakaingia ndani ya suti. Mama Anna akanikumbatia akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Hongera Msajili wetu, Mungu amekujibu."

Alitazama nyuso za wajumbe, akanitazama mimi, na vigelegele vikaisha kimoja kimoja, cha mwisho kilikuwa cha msichana wa nyuma aliyekuwa haoni. Nikawaza mambo mawili. La kwanza ni kutoka nje na kuendelea kutembea mpaka Machame. La pili ndilo nililofanya. Nilivua shada, nikazunguka meza mpaka alipo Mzee Lemburis, nikasema shikamoo mzee, upya, kama vile ndiyo kwanza namwona (na kwa kweli ndiyo kwanza nilikuwa namwona), nikamwambia ni lako, na karatasi ile nitaileta mwenyewe Nduruma niisahihishe mbele ya kamati. Halafu akainamisha kichwa, maana ni mrefu, nikamvika. Maji yakatiririka kwenye shuka lake.

"Marahaba," akasema. "Hili nalo liandike."

Mwenyekiti akaifikia agenda ya saba. Akasema kwa mujibu wa kumbukumbu agenda hii imeshapita kwa kauli moja, wakacheka, na mimi nikacheka kidogo kwa sababu nilistahili. Halafu akafunga kalamu yake nyekundu akasema anaiahirisha mwaka mmoja, kwamba ufunguo wa kufuli la ubao utakaa na Mwalimu Aikande, na agenda hiyo ataifungua Mzee Lemburis kwa mdomo wake mwenyewe au haitafunguliwa. Tukaenda kula. Wali ulikuwa mzuri sana, Mama Nkya alishukuru baada ya kula, na mimi sikumpa mtu karatasi yoyote.

Nilikaimu mwaka wa nne. Jumatatu, Jumatano na Jumamosi, alfajiri kunapopambazuka, mngeniona Kaimu Msajili nimevaa mabuti ya mpira napita kati ya maharage machanga na ufunguo mkononi. Ubao ule ni mzito, mara ya kwanza nilianguka mferejini mzimamzima (hiyo ni aibu nyingine, haina mashahidi, kwa hiyo siihesabu). Nduruma nilikwenda, kama nilivyoahidi. Nilisimama mbele ya kamati ya mfereji, vumbi tupu, watu wamekaa kwenye mawe, nikasema kwamba Mzee Lemburis hakuridhika mwaka wa kwanza, wala wa pili, wala wa tatu, na neno lile nililitoa kichwani mwangu. Mama mmoja akaniuliza, na huo uongo umesomea chuo gani? Nikamjibu, chuo kilekile. Walicheka, na kabla sijaondoka walimrudisha mzee kwenye kamati.

Mama yangu nilimwambia yote. Akasema basi angalau sasa ana jibu la kuwapa watu.

Mkutano uliofuata niliingia na daftari tupu. Mihtasari yangu siku hizi inachelewa wiki tatu, wakati mwingine nne, na nimeapa mbele ya Mungu na ya Mama Anna kwamba sitaandika tena neno la mtu kabla hajafungua mdomo, wala sitamwandika ameridhika mtu ambaye amenyamaza tu. Mwenyekiti akashukuru watu kwa kuacha mashamba ingawa mvua zimechelewa. Taarifa ikasomwa, Neema akasema maharage sasa yanalika, na fimbo ya Mzee Lemburis ikainuka. Akasema maji yamefika, mahindi yamebeba, na anaomba Baraza lifungue agenda ya Msajili, naye anatoa hoja athibitishwe. Mikono ikaunga. Makofi yakapigwa, na jikoni kulikuwa kimya, kwa sababu nilikuwa nimewaapisha.

Nilishukuru, unyenyekevu wasema wengine. Halafu kabla sijaketi nikamgeukia Mzee Lemburis, kalamu ipo juu ya daftari, nikamuuliza, "Mzee, sasa niandike umeridhika?"

Akafikiri. Wajumbe wote walikuwa wanamsubiri, na mimi nilikuwa namwangalia usoni.

"Hapo acha nafasi," akasema. "Nitakuja kukuambia."

Nikaacha nafasi. Muhtasari ukachapwa hivyo, ukarudufiwa hivyo, na mwaka huu tena nimemuuliza, akacheka tu. Nafasi bado ipo.